Filamu zilizokosa Oscar zaonyeshwa Kirumba: tathmini ya huduma ya Jumamosi jioni

Mtu wa Mwanza anayetaka kutazama filamu nzuri kutoka nchi ya mbali kwa kawaida huwa na njia mbili. Anaweza kwenda kibanda umiza, ambako mpira wa Ulaya na filamu za mapigano hupokezana kioo kimoja, au kwa muuzaji anayenakili filamu kwenye flashi, na huko atapata kile kinachouzika wiki hiyo. Ukumbi mmoja wa ghorofani huko Kirumba, upande wa kuelekea Mwaloni, umefungua njia ya tatu. Jumamosi jioni ukumbi huo, ambao siku nyingine hukodishwa kwa vikao vya harusi, huonyesha filamu ambazo hazikuzungumzwa kwa Kiingereza, ambazo zilisifiwa sana duniani, na ambazo hata hivyo hazikupata tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, tuzo ambayo tangu mwaka 2019 inaitwa ya filamu bora ya kimataifa. Nimekuwa mtazamaji wa kudumu wa huduma hii, na hukumu yangu ni kwamba uteuzi wa filamu unazidi chochote nilichowahi kukiona katika mji huu, kwamba tafsiri ya Kiswahili ni kazi ya kuheshimiwa, na kwamba karatasi ya maelezo inayogawiwa mlangoni ina kasoro kubwa inayopaswa kurekebishwa.

Kuhusu ukumbi wenyewe sina mengi. Viti ni vya plastiki, projekta inatoa picha safi giza likishaingia kabisa, na jenereta huwashwa mara moja umeme unapokatika. Spika ndizo zinazosumbua, kwa sababu sauti nzito hutikisa mabati ya dari, na aliyekaa safu ya nyuma hupoteza maneno ya chinichini. Chai ya tangawizi na sambusa huuzwa ngazini kabla ya onyesho, si wakati wa onyesho, utaratibu ambao ninauunga mkono kwa moyo wote.

Kinachoitofautisha huduma hii ni namna ya kutafsiri. Tumezoea mtafsiri mmoja anayezungumza juu ya filamu yote, anayewapa wahusika majina ya mitaani na kuongeza vichekesho vyake, na simdharau hata kidogo, kwani ndiye aliyewafanya mamilioni ya Watanzania wafuate hadithi za Hong Kong na Mumbai bila kujua lugha zake. Lakini hapa Kirumba wasomaji ni wawili, mwanamume na mwanamke, nao husoma kutoka kwenye maandishi waliyoyaandaa mapema, kwa sauti ya chini na kwa kipaza sauti, huku sauti za waigizaji zikiendelea kusikika. Msomaji wa kiume husoma maneno ya wanaume, wa kike husoma ya wanawake na ya watoto. Wimbo ukianza wote wawili hunyamaza, na maana ya wimbo huelezwa kwa sentensi moja baada ya kwisha. Ni kazi ya watu waliokaa na filamu usiku mwingi kabla ya kutuita sisi tuitazame.

Nguvu ya utaratibu huo niliiona zaidi katika Timbuktu, filamu ya mwaka 2014 ya Abderrahmane Sissako, ambayo iliiletea Mauritania uteuzi wake wa kwanza katika kundi hilo la Oscar. Filamu hiyo inauonyesha mji wa Mali ulioshikwa na wanamgambo waliopiga marufuku muziki, sigara na mpira, na ndani yake watu huzungumza Kitamasheki, Kiarabu, Kibambara, Kifaransa na hata Kiingereza, mara nyingi bila kuelewana. Wageni wenye bunduki wanahitaji mkalimani ili kuwahukumu wenyeji, hivyo hukumu ya maisha ya mtu hupita katika kinywa cha mtu wa tatu. Wasomaji wa Kirumba walilitatua jambo hilo kwa busara: hakimu alipozungumza Kiarabu walituachia tusikie tusichokielewa, kama mshtakiwa alivyosikia, wakaanza kusoma pale tu mkalimani wa ndani ya filamu alipofungua kinywa. Sijui kama wamesomea kazi hii mahali popote, lakini uamuzi huo ni wa wasanii.

Halafu kuna kisa cha ng'ombe. Mfugaji Kidane anaishi hemani na mkewe na binti yao, na ng'ombe wake anayempenda kuliko wote, anayeitwa GPS, anaingia mtoni na kujitosa katika nyavu za mvuvi Amadou. Mvuvi alikwisha kuonya. Anamchoma ng'ombe kwa mkuki. Kidane anamwendea na bastola kiunoni, wanakabana majini, risasi inatoka na mvuvi anakufa. Sissako ameupiga mwisho wa ugomvi huo kutoka mbali sana, mto wote ukiwa ndani ya picha, mmoja akiyumba kuelekea ng'ambo na mwingine akijaribu kuinuka upande wa pili. Huko Paris au New York watazamaji huenda waliona hapo mandhari nzuri na msiba. Katika ukumbi wa Kirumba, wenye wafanyabiashara wa dagaa na sangara pamoja na watoto wa wafugaji wa Misungwi na Magu, watu waliona kesi. Mzee mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti kwamba nyavu ni mali ya mtu kama ng'ombe alivyo mali ya mtu. Kijana wa pembeni yake akamjibu, "Sawa mzee wangu, lakini ng'ombe hajui mpaka wa maji." Mabishano yaliendelea hadi ngazini na hata barabarani, na naamini hakuna majaji wa tuzo yoyote waliowahi kuijadili sehemu ile kwa ujuzi kama huo.

Timbuktu ilishindwa na filamu ya Poland, Ida, Februari 2015, siku chache tu baada ya kuzoa tuzo saba za César nchini Ufaransa, zikiwemo za filamu bora na mwongozaji bora. Nimeiona Ida pia. Ni filamu nzuri sana, na sioni haja ya kuishusha ili kuipandisha nyingine.

Hapo ndipo ninapogombana na karatasi ya maelezo. Kichwa chake kinasema kwamba filamu zote katika orodha "zilidhulumiwa na Oscar". Hilo si sahihi, na linamnyima mtazamaji sehemu ya kuvutia zaidi ya habari hii, yaani jinsi filamu inavyokosa tuzo. Kwa kanuni iliyotumika miaka mingi, kila nchi hupeleka filamu moja tu kwa mwaka, inayochaguliwa na kamati ya nchi hiyo yenyewe. Filamu hiyo lazima sehemu kubwa ya mazungumzo yake yasiwe ya Kiingereza. Kisha wanachama wa Akademi, yaani chama cha watu wa sinema wa Marekani kinachotoa Oscar, huchuja hadi zibaki tano. Filamu inaweza kuanguka katika kila hatua ya safari hiyo, na anayeiangusha si yule yule kila mara.

Chukua The Lunchbox ya Ritesh Batra, iliyotoka mwaka 2013, ambamo Irrfan Khan anacheza karani mpweke wa Mumbai anayeanza kuandikiana barua na mke wa mtu kwa sababu chakula kililetwa kwenye meza isiyo yake. Akademi haikuikataa, kwa sababu haikuletewa: kamati ya India ilichagua filamu nyingine, ya Kigujarati, ambayo haikuingia hata katika tano za mwisho. Anayelalamikia dhuluma hapo aelekeze malalamiko yake India. Kinyume chake ni filamu ya Nigeria Lionheart, ambayo nchi yake iliipeleka mwaka 2019 na Akademi ikaiondoa kabla ya ushindani kwa kuwa mazungumzo yake mengi ni ya Kiingereza, lugha rasmi ya Nigeria, na Kiigbo kimo kwa dakika chache tu. Mtu anaweza kuitetea kanuni hiyo au kuilaumu, nami ninailaumu, kwa sababu inaitaka nchi iliyotawaliwa na Waingereza ijifanye kwamba watu wake hawazungumzi namna wanavyozungumza. Lakini kuiweka filamu hiyo katika kapu moja na Timbuktu, iliyofika fainali na kushindwa kwa kura, ni kumchanganya anayeisoma karatasi hiyo.

Mfano mzito kuliko yote ni City of God ya Brazil, iliyoongozwa na Fernando Meirelles akisaidiana na Kátia Lund, kuhusu vijana wa mtaa wa maskini pembeni mwa Rio de Janeiro wanaokulia mikononi mwa bunduki, na mmoja wao anayeokolewa na kamera. Brazil iliipeleka kwa mashindano ya mwaka 2002, na haikupata hata uteuzi. Mwaka uliofuata, kwa kuwa ilikwisha kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Marekani, iliruhusiwa kuingia katika makundi ya kawaida, na ikateuliwa mara nne: mwongozaji, hadithi iliyotoholewa, upigaji picha na uhariri. Haikupata hata moja. Akademi ile ile, basi, iliiona haitoshi kuwa miongoni mwa filamu tano za kigeni, kisha ikaiona inatosha kushindana na filamu kubwa za Hollywood. Maelezo ni kwamba waliopiga kura hawakuwa watu wale wale. Uteuzi wa filamu za kigeni ulifanywa na kamati ya waliojitolea kutazama filamu nyingi, ilhali uteuzi wa upigaji picha hufanywa na wapiga picha wenyewe na wa uhariri na wahariri. Karatasi ya mlangoni ingelisema hilo kwa mistari mitatu, kila mtu angetoka na kitu cha kufikiria.

Kwa watu wa mwambao huu wa Ziwa Victoria kuna jambo la ziada ambalo nalo karatasi imelipita. Filamu iliyoshinda mwaka ambao City of God iliachwa ni Nowhere in Africa ya Mjerumani Caroline Link, inayosimulia familia ya Kiyahudi iliyoukimbia utawala wa Hitler na kujikuta shambani nchini Kenya, chini ya uangalizi wa mpishi anayeitwa Owuor, jina la Kijaluo ambalo kila mtu wa Tarime na Rorya analifahamu. Kiswahili kinasikika ndani yake mara nyingi. Ningependa ukumbi uzionyeshe filamu hizo mbili Jumamosi mbili mfululizo, iliyokosa kwanza na iliyoshinda baadaye, na kuwaachia watazamaji wapime. Kura yangu ningeipa ya Brazil bila kusita, ingawa mpishi yule amechezwa kwa utulivu ambao haujanitoka.

Filamu za Kihindi zilijaza ukumbi kuliko zote, na hilo halikumshangaza yeyote. India imewahi kufika katika tano za mwisho mara tatu, kwa Mother India ya mwaka 1957, Salaam Bombay! ya mwaka 1988 na Lagaan ya mwaka 2001, na mara zote tatu imerudi mikono mitupu. Tulionyeshwa Lagaan, ambamo wanakijiji wa mwaka 1893, waliobanwa na ukame na kodi ya Mwingereza, wanakubali kuifuta kodi hiyo kwa kushinda mechi ya kriketi wasiyoijua. Ina dakika 224. Hakuna aliyeondoka. Pale mawingu yanapokusanyika, wanakijiji wanacheza na kuimba, kisha mawingu yanapita bila tone, ukumbi mzima uliguna kwa pamoja, kama watu wanaolima pamba wanavyoguna. Kasoro ilikuwa ya kiufundi: ili kufupisha muda, nyimbo mbili zilirukwa. Filamu hii inabeba nusu ya hadithi yake katika nyimbo za A. R. Rahman, na kuzikata ni kumkata mhusika. Afadhali onyesho lianze saa kumi jioni na nyimbo zibaki.

Yesterday ya Afrika Kusini, ya mwaka 2004, ilipata watazamaji wachache kwa sababu mvua ilinyesha. Naisikitikia jioni hiyo. Ni filamu ya Kizulu iliyoongozwa na Darrell Roodt, na Leleti Khumalo anacheza mwanamke wa kijijini anayegundua kwamba ana virusi vya UKIMWI, alivyoambukizwa na mume anayefanya kazi machimboni Johannesburg, na ambaye shabaha yake moja ni kuishi mpaka binti yake aanze shule. Mume anaporudi amedhoofika, kijiji kinawatenga, naye kwa mikono yake anamjengea mgonjwa wake kibanda cha mabati nje ya makazi. Familia ngapi za kanda hii zimeagana na mume anayekwenda Geita au Mwadui, zikampokea tena akiwa na kikohozi? Filamu hiyo ilishindwa na ya Hispania, The Sea Inside, yenye mwigizaji maarufu na wasambazaji wakubwa. Naomba ukumbi uirudie, msimu wa kiangazi safari hii.

In the Mood for Love ya Wong Kar-wai, iliyopelekwa na Hong Kong na kuachwa nje ya tano, ndiyo iliyoteseka katika mikono ya wasomaji wetu. Watu wawili wanapendana bila kusema. Ukimya ndio mazungumzo yao. Msomaji, labda kwa kuogopa kwamba tutachoka, alianza kutueleza wanachofikiri wahusika. Tulikuwa tunakiona.

Lipo swali lililoulizwa na watazamaji zaidi ya mara moja, nalo ni kama ukumbi utaonyesha ile ambayo hapa mjini huitwa filamu ya mapanki, yaani mabaki ya sangara baada ya minofu kuondolewa. Darwin's Nightmare, ya Mwaustria Hubert Sauper, ilipigwa Mwanza, ikatoka mwaka 2004, ikapata César ya filamu bora ya kwanza, na mwaka 2006 ikateuliwa kuwania Oscar ya filamu ya maisha halisi, ikashindwa na filamu ya Kifaransa kuhusu ndege wa barafuni. Haimo katika kundi la lugha ya kigeni, na hiyo ndiyo sababu ambayo mwenye ukumbi anaitoa. Naifahamu sababu nyingine, ambayo ni uchungu. Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani mwaka huo wa 2006, na watu wengi wa hapa waliona mji wao umechorwa kama mahali pa njaa, ukahaba na ndege zinazoleta silaha na kuondoka na minofu ya sangara. Mimi naamini filamu hiyo ina picha zenye nguvu kubwa na hoja ambazo hazikuthibitishwa kwa kiwango hicho hicho. Kuhusu silaha, hasa, inadokeza zaidi ya inavyoonyesha. Kwa sababu hiyo hiyo inapaswa kuonyeshwa hapa, mbele ya watu wa viwanda vya minofu na wakaangaji wa mapanki, ambao wanajua kipi ni kweli na kipi kimekatwa ili kiumize. Ulaya ilikwisha kuitolea hukumu. Mwanza haijapewa nafasi ya kuitazama kwa pamoja na kuijibu.

Pengo kubwa zaidi la orodha, hata hivyo, ni Kiswahili. Waandaaji wamechukulia kwamba filamu za kigeni ni za wengine, lakini mbele ya Akademi sisi ndio wageni, sawa na Wabrazili na Wapoland. Tanzania ilipeleka Maangamizi, kazi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, mwaka 2001, na mwaka 2022 ikapeleka Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi ambayo wengi wetu tuliisoma kabla ya kuona picha yoyote. Kenya ilianza na Nairobi Half Life mwaka 2012. Hakuna kati ya hizo iliyofika katika tano za mwisho. Vuta N'Kuvute hasa, yenye Zanzibar ya miaka ya 1950, Denge na wenzake wanaosambaza karatasi za siasa na Yasmin anayeikimbia ndoa, inatosha kusimama kando ya filamu yoyote niliyoitaja, na kwa mara ya kwanza wasomaji wetu wawili wangeweza kukaa vitini na kutazama kama sisi. Nilimweleza mwenye ukumbi, naye akaniambia kwamba analitafuta jambo hilo kwa njia halali, kwa kuomba ruhusa ya wenye filamu. Nilifurahi kusikia, kwa kuwa suala la haki za kuonyesha halijaandikwa popote kwenye tangazo lao, nami ningependa kila onyesho litaje ruhusa hiyo waziwazi, ili wasanii wa mbali wasidhulumiwe na sisi tunaowatetea.

Kiingilio ni shilingi 3,000, na wanafunzi wenye kitambulisho hulipa nusu. Bei hiyo ni ya haki kwa kazi ya tafsiri pekee. Anayetoka Buhongwa, Igoma au Malimbe ajue kwamba onyesho refu humalizika wakati daladala zimekwisha kupungua, hivyo akubaliane mapema na bodaboda anayemfahamu. Viti vya safu ya tatu na ya nne, upande wa dirisha, ndivyo vinavyosikia wasomaji vizuri bila kelele za dari, navyo hujaa kabla ya saa kumi na mbili na nusu.